Ukitaka Kuuelewa Utatu Mtakatifu, Anza na Sala

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwafundisha watu wazima mafundisho ya ubatizo hapa Tanga, na swali ambalo halikosi kujitokeza kila mwaka ni lile la hesabu: inawezekanaje watatu wawe mmoja? Anayeuliza huwa na nia njema, lakini namna anavyouliza imekwisha kumfunga, kwa sababu Kanisa halijawahi kufundisha kwamba miungu watatu ni Mungu mmoja, wala kwamba nafsi tatu ni nafsi moja. Linafundisha kwamba Mungu ni mmoja katika umungu wake, na kwamba huyo mmoja ni Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Ukiuliza Mungu ni nini, jibu ni moja. Ukiuliza ni nani, unatajiwa watatu. Hapo pana fumbo, na litabaki kuwa fumbo, ila si kosa la kujumlisha. Ushauri wangu kwa mwanafunzi, mzazi au msimamizi wa ubatizo anayetakiwa kulieleza jambo hili ni kwamba aiweke namba pembeni kwanza, aanze na namna Wakristo wanavyosali.

Chukua kitabu cha Misa usome taratibu sala ya mwanzo ya Jumapili mojawapo. Mara nyingi anayesemeshwa ni Baba, na sala yenyewe humalizika kwa njia ya Bwana wetu Yesu Kristo, Mwanawe, anayeishi na kutawala pamoja naye katika umoja wa Roho Mtakatifu. Waumini wengi wameyasikia maneno hayo tangu utoto, wakaitikia “Amina” na kukaa chini, pasipo kugundua kwamba wamekwisha kuungama Utatu. Sala inaelekea kwa Baba, inapita kwa Mwana, na anayeiwezesha ndani yetu ni Roho. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Waraka wa Pili kwa Wakorintho, ulioandikwa miaka isiyofika thelathini baada ya Yesu kusulubiwa, unafungwa hivi: “Neema ya Bwana Yesu Kristo, na pendo la Mungu, na ushirika wa Roho Mtakatifu ukae nanyi nyote.” Paulo haelezi wala hatetei chochote pale, anawaaga watu kwa maneno ambayo anajua watayapokea bila kushtuka.

Na Paulo huyo alikuwa Myahudi aliyekua akikiri kila siku maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4, kwamba Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja. Hakuyaacha. Katika 1 Wakorintho 8:6 anayachukua maneno yale yale, Mungu na Bwana na mmoja, akasema kwamba kwetu sisi Mungu ni mmoja tu, aliye Baba, na Bwana ni mmoja, Yesu Kristo, ambaye kwake vitu vyote vimekuwapo. Huwa nawaomba wanafunzi waifungue mistari hiyo miwili kwa pamoja, kidole kimoja kwenye Torati na kingine kwenye waraka, kwa kuwa mtu akiona jinsi Yesu alivyowekwa ndani ya ungamo la Mungu mmoja, badala ya kuongezwa pembeni yake, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa kuhusu mifano. Mwalimu akibanwa hukimbilia mfano, na unaopendwa zaidi ni wa mtu mmoja ambaye nyumbani ni baba, shuleni ni mwalimu, na kanisani ni mwanakwaya. Unafahamika upesi, na ndiyo maana ni wa hatari. Mama mmoja darasani kwangu aliusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa utulivu: “Mwalimu, basi kule Gethsemane Yesu alikuwa anamwomba nani?” Swali hilo linaubomoa mfano wote. Kama Baba na Mwana ni majina ya kazi za mtu mmoja, sala ya Gethsemane inakuwa maigizo, na pale Yordani, Mwana akiwa majini, sauti ikitoka mbinguni na Roho akishuka kama hua, yote yanakuwa kiini macho. Fundisho la namna hiyo lilihubiriwa Roma katika karne ya tatu na mtu aliyeitwa Sabelio, na Kanisa lililikataa. Kwa hiyo ukishindwa kueleza, afadhali unyamaze na kurudi kwenye Injili kuliko kutoa mfano ambao mwanafunzi ataondoka nao na kuushika maisha yake yote.

Kosa la upande wa pili linahitaji subira zaidi, kwa maana lina sura ya heshima kwa Mungu. Ario, padri wa Aleksandria mwanzoni mwa karne ya nne, alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, lakini naye ni kiumbe, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Nia yake ilikuwa kuulinda umoja wa Mungu. Atanasi, aliyekuja kuwa askofu wa mji ule ule, alimjibu kwa hoja ambayo hadi leo sijapata iliyo bora kwa kufundishia: kiumbe hakiwezi kuwaunganisha viumbe wenzake na Mungu. Kama aliyekuja kwetu si Mungu, basi Mungu mwenyewe hajaja, na sisi tunaomwabudu Yesu tunaabudu kiumbe. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulisimama upande huo, na hukumu yake tunaitamka kila Jumapili katika Kanuni ya Imani: “aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba”.

Utasikia mara kwa mara, hasa kwenye video zinazosambazwa kwa simu, kwamba Utatu ulibuniwa na Kaisari Konstantino pale Nisea. Jibu bila hasira, kwa sababu historia inatosha. Konstantino ndiye aliyeuitisha mtaguso, hilo ni kweli, lakini miaka kumi baadaye, mwaka 335, ni yeye aliyempeleka Atanasi uhamishoni, na alipobatizwa akikaribia kufa mwaka 337, aliyembatiza alikuwa Eusebi wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mwanawe Konstansio naye aliwaunga mkono wapinzani wa Nisea. Atanasi alihamishwa mara tano. Imani hiyo ilidumu huku wenye mamlaka, kwa miaka mingi, wakiisukuma upande mwingine.

Kuhusu Roho Mtakatifu mambo yalikwenda vivyo hivyo, na hapa ndipo sala inaporudi waziwazi. Basili, askofu wa Kaisaria, alishutumiwa kwa sababu alizoea kumtukuza Baba pamoja na Mwana, pamoja na Roho Mtakatifu. Wapinzani walisema Roho hastahili kuwekwa kwenye safu moja na hao wawili. Basili aliandika kitabu kizima kulitetea neno lile dogo “pamoja na”, akikumbusha kwamba tunabatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kwamba jinsi tunavyobatizwa ndivyo tunavyopaswa kuamini na kutukuza. Alifariki kabla ya Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, lakini imani aliyoitetea imo katika Kanuni ya Imani: Roho “anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana”. (Waorthodoksi na Wakatoliki hawajaafikiana kama Roho atoka kwa Baba peke yake au kwa Baba na Mwana. Ni suala zito, ila si la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.)

Pwani hatuwezi kulizungumza jambo hili bila kuwakumbuka jirani zetu Waislamu, ambao Surat al-Ikhlas inawafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Kabla ya kubishana, uliza jirani yako anaelewa nini anaposikia “Mwana wa Mungu”. Akidhani tunasema kwamba Mungu alikuwa na mke, au kwamba Bikira Maria ni mmoja wa watatu, mwambie bila kusita kwamba hayo hata sisi tunayakataa. Tunaposema Mwana amezaliwa na Baba tangu milele hatuzungumzii mwili, wala wakati, wala Mungu kugawanyika, kwa kuwa Mungu hana sehemu. Tofauti kati yetu itabaki, na ni kubwa, lakini angalau itakuwa tofauti ya kweli. Katika mazungumzo hayo usiutumie mstari wa “watatu washuhudiao mbinguni” unaopatikana katika tafsiri fulani za zamani za 1 Yohana 5:7, kwa sababu haumo katika nakala za kale za Kigiriki. Wanazuoni wa Kikristo wanalijua hilo, na wanaoijua mihadhara ya dini wanalijua pia.

Wapo wanaoniambia kwamba hawawezi kubatizwa hadi waelewe kila kitu. Siku ya ubatizo hakuna atakayekuuliza watatu wanakuwaje mmoja. Utaulizwa kama unamsadiki Mungu Baba Mwenyezi, kama unamsadiki Yesu Kristo, Mwanawe wa pekee, na kama unamsadiki Roho Mtakatifu, nawe utajibu kila mara, “Nasadiki.” Maswali hayo matatu ndiyo ninayowapa wanafunzi wayajue kwanza, Kanuni ya Imani ya Nisea tunaisoma baadaye, kifungu kwa kifungu, tukiwa na Biblia mezani.