Muulize Shangazi: Kabati la bibi na sofa la kijivu

Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa miezi saba, ameanza kujiburuza. Bibi yangu mzaa mama alipofariki niliachiwa vitu vitatu: kabati la vyombo lenye milango ya vioo, refu kunipita, mbao zake kahawia iliyokolea na ndani limepakwa rangi ya kijani inayobanduka, sanduku la nguo la mbao, na saa ya ukutani isiyotembea. Mume wangu alishanunua sofa la kijivu la kona, meza ya kioo na televisheni inayokaribia kumaliza ukuta. Tangu vitu vya bibi viingie, sebule imekuwa kama stoo. Shemeji alipokuja aliuliza kama tunahama. Mume wangu anasema ama kabati lipakwe rangi nyeupe liendane na wakati, ama litoke. Rangi keshanunua, kopo liko nyuma ya mlango. Nifanyeje?
— Mama wa Mtambaaji

Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa.

Kopo hilo lipeleke mbali kwanza. Kopo la rangi likikaa karibu, siku moja mtu ataamka na hasira zake alifungue.

Nayasema haya kwa aibu. Nimefanya kazi ya kuvisha makochi zaidi ya nusu ya umri wangu, kwa hiyo vitu vya zamani sikuviogopa, na ndiyo maana nilikiharibu kimoja. Ilikuwa meza ya kuandikia ya marehemu baba. Niliona imepitwa, nikaipaka rangi nyeupe mchana mmoja, juu ya vanishi inayong'aa, bila msasa wala rangi ya msingi. Haukupita muda, pale kiwiko kinapoegemea rangi ikaanza kutoka maganda-maganda kama ngozi iliyoungua na jua. Nikachukua kikwaruzo. Rangi ikatoka, vanishi ikatoka nayo, na pembeni kulia likatoka doa la wino ambalo baba alilimwaga nikiwa mdogo, akanisingizia mimi. Meza ninayo mpaka leo, imekaa vizuri tu. Lakini lile doa ndilo lililokuwa meza ya baba.

Sasa kabati lako. Hiyo rangi ya kijani inayobanduka ndani ndiyo iliyonishtua kuliko ugomvi wenu. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani kwa mfano ilipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine ziliweka sheria zao kwa nyakati zao. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na mtoto wako yuko kwenye umri wa kuokota kila ganda sakafuni na kulitia mdomoni. Usipige msasa mkavu humo ndani hata kidogo, vumbi lake ndilo baya zaidi. Vipo vifaa vidogo vya kupimia risasi kwenye rangi. Tafuta kimoja upime. Wakati unasubiri, funga milango na komeo, pangusa kwa kitambaa chenye maji, kitupe. Ikionekana risasi ipo, kazi hiyo ni ya fundi anayeijua, tena nje ya nyumba.

Hapo hapo tazama na vioo. Vioo vya makabati ya zamani kwa kawaida si vile vinavyovunjika kwa chembe ndogo butu. Vikipasuka vinatoa visu. Ipo karatasi angavu ya kubandika upande wa ndani, inashika vipande visimwagike. Na kabati refu lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe, viwili juu. Mtoto anayejiburuza leo, baada ya miezi michache atavuta droo ajinyanyulie, na kabati litamfuata.

Haya, tuje kwenye sura yake.

Kabla hamjagusa mbao, gusa balbu. Nenda kasome boksi la balbu zenu za sebuleni: pameandikwa namba inayoishia na herufi K. Nabashiri utakuta 6500. Huo ni mwanga mweupe unaoelekea bluu. Kwenye sofa la kijivu na meza ya kioo unapendeza, ila mbao za kahawia chini ya mwanga huo huwa kama udongo uliolowa. Weka balbu ya 2700, mwanga wa manjano kidogo, tena usitoke darini peke yake. Weka taa ya mezani karibu na kabati. Kaeni nayo jioni tatu. Nimeona watu wakiuza meza nzima kwa kosa la balbu.

Kisha ujue kabati limepakwa nini. Chukua pamba, itie spiriti kidogo, igandamize mahali pasipoonekana, nyuma ya mguu kwa mfano, uhesabu hadi sitini. Pakianza kunata, hiyo ni shelaki, ile inayotokana na utomvu wa wadudu, iliyotumika sana zamani. Ukipata shelaki furahi, maana haihitaji kukwanguliwa: fundi hupitisha kitambaa chenye spiriti na shelaki mpya, ile ya zamani inalainika na kuungana nayo, mikwaruzo midogo inapotea. Pasiponata, hiyo ni vanishi ya aina nyingine. Futa uchafu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo sana, kausha papo hapo, paka nta. Mara nyingi weusi unaomkera mumeo ni masizi na mikono ya watu, wala si rangi ya mbao.

Ila hayo yote hayatalitoa stoo sebuleni kwako. Kinachofanya chumba kionekane stoo ni vitu visivyo na kazi. Sofa lina kazi, televisheni ina kazi. Kabati la bibi limesimama tu, ndani limejaa vyombo ambavyo hamvitumii, na kila anayeingia analiona kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Lipe kazi. Likishakuwa salama ndani, rafu za juu weka vitabu na vile vyombo vitatu au vinne unavyovipenda kweli. Chini, nyuma ya milango, nepi, midoli, waya za chaja, rimoti, makorokoro yote yanayozagaa juu ya sofa. Mumeo akizoea kufungua kabati mara kumi kwa siku hatalitaja tena lipakwe rangi. (Nakuandikia hili kama mke, si kama fundi.)

Halafu, kama liko kando ya televisheni, liondoe hapo. Umesema televisheni inakaribia kumaliza ukuta; usizisimamishe majabari mawili bega kwa bega. Kabati likae ukuta wa upande, pawe na nafasi ya sentimita 80 au 90 ya kupita mtu. Na ile kahawia iliyokolea irudie walau mahali pengine pawili: fremu ya picha juu ya sofa, mguu wa taa, hata trei juu ya meza ya kioo. Kitu cha rangi fulani kikiwa peke yake chumbani kinaonekana kimepotea njia. Kikipata wenzake wawili hakuna atakayeuliza kilikotoka.

Meza ya kioo iacheni. Najua ulitegemea nikuambie uitoe uweke sanduku katikati, maana ndivyo wanavyofanya kwenye picha. Lakini kioo hakigombani na kitu, jicho linapita. Ivalishe tu pembe zake mpira mpaka mtoto ajue kutembea. Sanduku liende chini ya dirisha, lenye godoro jembamba juu, liwe kiti. Ling'oe komeo lolote linalojifunga lenyewe mfuniko ukishuka, maana watoto wamewahi kufia ndani ya masanduku ya hivyo wakicheza kujificha, na ufunge mkono wa chuma unaozuia mfuniko usianguke ghafla.

Kama humo sandukuni mna kitambaa cha bibi, hapo ndipo mimi napo nina neno. Kinyanyue dhidi ya mwanga wa dirisha. Ukiona nyota-nyota za mwanga, nyuzi zimechoka. Kishike kwa vidole gumba viwili, ukivute taratibu kwa mapana. Kikilia kama karatasi, kisiwe cha kukalia. Hata hivyo kinafaa upande wa mbele wa mito miwili ya sofa: kishonee kwanza kitambaa kipya cha pamba kwa nyuma, kiwe ndicho kinachobeba mvuto, na mgongo wa mto uwe wa kijivu kama sofa. Mito miwili, si sita. Siku mkiwa na wageni wakorofi unaigeuza.

Mumeo mwambie habari ya kiti kimoja. Mwaka 1859 Michael Thonet, seremala mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Vienna, alitoa kiti cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, kikaitwa namba 14. Vipande 6 vya mbao, skrubu 10, nati 2. Viti 36 vikiwa vimefunguliwa viliingia kwenye kreti moja ya mita moja ya ujazo, vikaenda kuungwa huko vilikofika. Leo watu wanakiita kiti cha kizamani na kukiweka kwenye meza za chuma na kioo, kinakaa kama kilizaliwa hapo. Sofa lenu la kona, kama mengi ya siku hizi, nadhani nalo lilikuja kwa vipande mkaliunga. Basi ni ukoo mmoja.

Saa, ukimpata fundi mpe. Usipompata, itundike ukumbini. Mimi ninayo moja mbovu, mishale nimeisimamisha saa kumi na robo, saa aliyozaliwa kitinda mimba wangu. Wageni hunisahihisha, nimezoea.

*

Shangazi, mimi ni kapera na ugonjwa wangu ni kununua vitu vya kale. Majuzi nimeleta kiti kizuri cha mikono, kesho yake nikaona vitobo kwenye mguu na unga kidogo sakafuni. Rafiki yangu anasema nikichome moto. Naomba ushauri.
— Kapera wa Viti

Usichome. Ila kitoe chumbani leo hii, kikae mbali na wenzake.

Vitobo peke yake si msiba. Huenda wadudu walishatoka miaka mingi. Tobo la zamani midomo yake imekuwa nyeusi na ndani mna vumbi lililoganda. Tobo jipya lina rangi ya mbao mbichi. Tandika karatasi nyeusi chini ya mguu, uiache wiki mbili bila kukisogeza kiti. Ukikuta unga mpya, wamo. Na anayekula si yule mdudu unayemwona akitoka. Ni kiwavi wake, anayeweza kukaa ndani ya mbao miaka kadhaa akitafuna kimya. Kwa hiyo dawa ya kupuliza nje mara moja haitoshi: tafuta dawa ya mbao inayopenya, ipake sehemu zisizo na vanishi na ndani ya vitobo, urudie kama kibandiko kinavyosema. Kitu kidogo kinachoingia kwenye friza unaweza kukifunga ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, kikae wiki mbili kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kiti cha mikono hakiingii, najua, nimekwambia kwa ajili ya vitu vingine ambavyo hukuvitaja.

Siku nyingine ukinunua, kipindue kiti kabla hujakilipia. Tazama chini, ndiko ukweli uliko: unga, misumari iliyopigwa juu ya mwanya, gundi mbichi. Kiti kinachoyumba kwa sababu ya viungo vilivyolegea kichukue. Viti vya zamani viliungwa kwa gundi ya ngozi na mifupa, inalainika kwa maji ya moto, fundi anakifungua na kukiunga upya. Kiti kilichokwisha kupigwa msumari kwenye kiungo kiache, mbao imeshapasuka ndani.

Na kikikusumbua kwa droo zinazokwama wakati wa mvua (nakuona, hutaishia viti), usiziparuze kwa randa. Mbao hutanuka kwa mapana hewa ikiwa na unyevu, husinyaa ikikauka. Ukiparuza wakati wa unyevu, wakati wa ukavu droo itapwaya. Sugua kipande cha mshumaa kwenye njia zake.

*

Shangazi, ninaishi nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hataki misumari. Nina picha za wazazi wangu za miaka mingi, nataka zikae sebuleni na picha zangu mpya. Zinaanza kufifia.
— Mpangaji

Zitoe kwenye mwanga mwanangu, leo. Mwanga unakula picha na hazirudi. Zipige picha upya kwa skana au hata kwa simu nzuri karibu na dirisha lenye kivuli, chapisha nakala, hizo ndizo za kuweka sebuleni. Za asili zilaze ndani ya bahasha za karatasi isiyo na asidi, kwenye kabati kavu, gizani.

Kwa kuwa misumari hairuhusiwi, ziegemeze juu ya rafu au juu ya kabati fupi, fremu kubwa nyuma, ndogo mbele, zipishane kidogo. Fremu zisifanane zote. Chagua kitu kimoja tu cha kufanana, ama rangi ama upana wa ukingo. Za wazazi wako usizitenge upande mmoja kama za msibani. Mama yako akae katikati ya picha zako za mwaka huu. Siku ukipata nyumba inayoruhusu misumari, pima sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, hapo ndipo pawe katikati ya picha. Watu wengi wanatundika juu mno, mpaka mgeni anamtazama mzee wa watu kidevuni.