Tajiri anataka nichangie zindiko la mtumbwi, nami ni Muislamu: jibu langu

Assalaam alaykum mkuu, na salamu kwa wote humu ndani.

Mleta uzi ameuliza hivi: amepata kazi kwenye mtumbwi wa dagaa, tajiri (mwenye mtumbwi) anamkata kila mvuvi hela ya zindiko, yaani dawa ya mganga ya kuukinga mtumbwi, na mbele ya mtumbwi kuna hirizi. Anaswali swala tano, anajua Mungu ni mmoja, je, kuna ubaya akichangia ili asikosane na wenzake? Waliotangulia kumjibu wapo waliomtukana, na wapo waliomwambia "cha muhimu ni nia, changia tu". Mimi namjibu kwa yaliyonikuta, maana nimevua dagaa miaka tisa kabla ya kuhamia kuuza hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza.

Nilianzia kambi moja ya visiwani, upande wa Ukerewe. Dagaa ni kazi ya giza: mwezi ukiwa mkubwa mnalala kambini, ukipungua mnaingia ziwani na taa, mnasubiri dagaa wajae kwenye mwanga ndipo mvute wavu. Mtumbwi wetu ulikuwa na kifuko cha kitambaa chekundu, ukubwa wa kidole gumba, kimeshonwa kwa uzi mweusi na kupigiliwa msumari kwa ndani, kule mbele. Kilikuwa kimeganda magamba na mafuta ya taa. Nilichangia hela yake kila giza, yaani kila kipindi cha kuvua mwezi ukipungua, nikijiambia kama unavyojiambia wewe, kwamba mimi naswali na hiki kitu sikiamini. Lakini usiku tukivuta wavu ukaja mwepesi, nahodha alikitupia jicho, na mimi nikajikuta nakitazama. Mkuu, jichunguze hapo. Mdomo wangu ulikuwa unakikana huku moyo umeshaanza kukitegemea.

Usiku mmoja upepo ulitukuta mbali na nchi kavu. Taa mbili zikazama, maji yakawa yanaingia kuliko tunavyoyachota kwa ndoo. Tulikuwa sita, Waislamu wanne na Wakristo wawili, na kila mmoja alimlilia Mungu kwa sauti yake yote. Hata nahodha, ambaye mwenyewe ndiye aliyekuwa anampeleka kambini mtaalamu, yaani mganga, hakukitaja kile kifuko hata mara moja. Alfajiri tukafika. Tajiri akatupokea mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, akasema dawa imefanya kazi, akatukata hela ya kuku wa kumshukuru mtaalamu. Tukatoa wote, na mimi nikatoa.

Siku chache baadaye, kwenye darsa baada ya magharibi, ustadhi alifika Surat Al-Ankabut aya ya 65. Maana yake ni kwamba wanapopanda marikebu humwomba Mwenyezi Mungu kwa kumtakasia dini, lakini akishawaokoa na kuwafikisha nchi kavu, mara wanamshirikisha. Nililia pale nilipokaa. Aya ile inawasema washirikina wa Makka, na aya chache kabla yake, ya 61, inasema kwamba ukiwauliza nani ameumba mbingu na ardhi, watakujibu ni Allah. Hawakuwa wakimkana Muumba. Kosa lao lilikuwa kumpelekea mwingine dua, nadhiri, kuchinja na matumaini, vitu ambavyo ni vyake Yeye peke yake. Kwa hiyo mkuu, "najua Mungu ni mmoja" bado haijajibu swali lako. Ibada yako inakwenda kwa nani? Kuku yule alichinjwa kumshukuru nani? Katika faradhi peke yake tunasoma Al-Fatiha mara 17 kwa siku, na kila mara tunasema "Wewe tu tunakuabudu, na Wewe tu tunakuomba msaada". Mimi nilikuwa naisema kambini mchana, halafu usiku nalipia msaada wa kifuko.

Kuna aliyesema humu kwamba basi hata jaketi la kujiokolea ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Hapana. Jaketi, injini iliyokaguliwa na taarifa ya hali ya hewa ni sababu ambazo Allah ameziweka. Mtume (s.a.w.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kisha amtegemee Allah. Kifuko hakielei wala hakizuii upepo, kazi yake yote iko moyoni mwa anayekitazama, na Mtume amesema katika hadithi ya Uqba bin Amir kwamba aliyetundika hirizi amefanya shirki. Hirizi iliyoandikwa aya za Qur'an tupu wanazuoni wamekhitilafiana juu yake, ila kile cha mtumbwini nina yakini hakikuwa na aya ndani.

Sasa hilo la nia. Hadithi ya Umar, "hakika matendo yote ni kwa nia", inaangalia tendo jema limefanywa kwa ajili ya nani. Haigeuzi zindiko kuwa halali. Na ukitaka kujua nia ilivyo nzito, nikwambie la kwangu la pili. Nilipoanza kupata hela ya biashara nilinunua mikeka ya msikiti wa mtaa wetu. Ijumaa ile imamu akashukuru "ndugu yetu mmoja" bila kunitaja jina. Nikatoka nimenuna, hata sunna sikuswali. Njiani napandisha mlima kwenda nyumbani Mabatini, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, nikaliona jiwe kubwa pembeni ya ngazi ambalo jana yake lilikuwa na udongo juu, mama mmoja alikuwa amepanda mchicha. Limebaki tupu, linang'aa, mche mmoja umelala chini. Al-Baqara aya ya 264 inamfananisha anayetoa ili aonekane na watu na jabali lenye udongo likapigwa na mvua kubwa, likaachwa tupu. Nimeishi juu ya mawe ya Mwanza tangu utoto, aya hiyo niliielewa siku ile. Kile kifuko nilikiacha, lakini riyaa, yaani kutenda ili watu wakuone, ambayo Mtume aliiita shirki ndogo na kusema ndiyo anayoihofia zaidi kwa umma wake, bado napambana nayo kila ninapotoa kitu.

La kufanya: usimwambie tajiri mbele ya wenzako, utamwaibisha. Mfuate peke yake wakati wa mwezi, mwambie utafanya kazi zote ila hela ya zindiko hutoi. Wa kwangu alinitoa. Nilikaa giza zima nikibeba magunia ya dagaa hapa mwaloni, kisha nikampata nahodha mwingine. Yule kabla ya kusukuma mtumbwi alisoma "Bismillahi majraahaa wa mursaahaa", maneno ya Nabii Nuhu katika Surat Hud, halafu akapita kukagua jaketi la kila mtu kama limefungwa.