Katalogi ya mnada ya 1921 na jamaa wa steshenari

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeipata kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, katalogi ya mnada wa sarafu za kale za Kigiriki, Geneva 1921, mkusanyo wa Pozzi, yule daktari wa Kifaransa. Ina madoa ya kahawia, wadudu wametoboa, na kuna mtu kajaza namba za penseli pembeni. Jamaa wa steshenari anasema atafuta penseli, akate kingo, afunge kwa spairo, na kurasa za picha azipige leminesheni zidumu. Nimpe? Msomaji, Upanga.

JIBU: Marahaba. Usimpe, na kama ushampa nenda kaichukue sasa hivi, haya mengine utasoma ukirudi.

Hii leminesheni jamani. Watu wanaona plastiki wanadhani ni kinga, kumbe ile mashine inayeyusha gundi kwa moto na gundi inazama kwenye nyuzi za karatasi, ukija kuibandua inatoka na picha. Karatasi nyingi za zama zile zimetengenezwa kwa mbao na zina asidi yake, sasa asidi haiachi kazi eti kwa sababu juu kuna plastiki, inaendelea kula humohumo, na huu unyevu wetu wa Dar umeufungia ndani pamoja na fangasi.

Na kwenye katalogi kama yako kurasa za picha ndo mali yenyewe. Enzi hizo mara nyingi walikuwa wanatoa umbo la sarafu kwa plasta halafu wanapiga picha ile plasta, ndo maana unaona mpaka ufa wa ukingoni na chapa iliyokaa upande. Sarafu za kugongwa kwa mkono hazifanani hata mbili, kwa hiyo mtu mwenye sarafu leo akiilinganisha na picha yako zikakubaliana, ana ushahidi ilikuwa mnadani 1921, zamani sana kabla ya mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali za kale, ambao wanunuzi makini wanauangalia. Haya, weka plastiki inayometa juu yake uutafute huo ufa.

Hiyo penseli nayo anaiita uchafu! Mara nyingi namba za hivyo ni bei zilizofikiwa mnadani, saa nyingine na jina la aliyenunua, na nakala yenye maandishi hayo watu wanaitafuta kuliko iliyo safi. Raba kidogo, mashine ya kukatia kingo mara moja, kwisha habari.

Wadudu: iweke kwenye mfuko wa zipu, toa hewa, tia friza wiki mbili, na ukiitoa usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe wote, la sivyo itatoa jasho. Usianike juani. Usipulizie dawa ya mende (ndiyo, wapo wanaofanya hivyo). Madoa yaache. Kurasa zilizolegea ziingie kwenye mfuko wa plastiki ya poliesta (si kitambaa) usio na gundi, kitabu kikae kwenye boksi mbali na ukuta unaopata mvua.

Na nyie wengine mnaosoma mkidhani haya ni ya wenye sarafu, ndo nyinyi mnaoniletea vyeti vya kuzaliwa na hati za viwanja za marehemu baba zimeshapigwa leminesheni, maandishi yamefifia, mnataka niitoe. Siwezi. Toa fotokopi, hiyo kopi ndo uipige leminesheni uwezavyo, ile orijino iache ilivyo.