Kila mwanafunzi na kontena lake: ushauri kwa anayegawa seva moja

Ukimwingiza mwanafunzi kwenye kundi la `docker`, programu ya kuendesha makontena (vyumba vilivyotengwa vya programu ndani ya mashine moja), ili aendeshe yake mwenyewe, umeshamkabidhi seva nzima. Wala hahitaji ujanja. Anaandika `docker run -it -v /:/mnt alpine sh`, na faili zote za mashine ziko mbele yake, `/etc/shadow` yenye manenosiri ikiwemo, naye humo ndani ni `root`, yaani msimamizi mwenye haki zote. Nyaraka za Docker zenyewe zinatahadharisha kuhusu kundi hilo. Lakini nikikutana na mtu anayeanzisha darasa la programu, awe hapa Mtwara mjini au Lindi, mara nyingi nakuta ndivyo alivyoanza.

Mimi nafundisha vijana Python na hifadhidata kwa kompyuta moja ya mezani niliyoigeuza seva. Wengine wana laptop zilizochoka, wengine wana simu tu yenye Termux, programu ya kuandika amri za Linux kwenye Android. Kwa hiyo wanaingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH, na ninachotaka ni kimoja: mtu akiandika nenosiri lake, ajikute moja kwa moja ndani ya kontena lake. Aharibu atakavyo humo, aweke maktaba anazotaka, jirani yake asisikie.

Wazo hili si geni. Watu wa Yelp walitengeneza `dockersh`, sheli (programu inayopokea amri za mtumiaji) inayomwingiza kwenye kontena lake badala ya kumpa bash ya kawaida. Leo siishauri. Inategemea Docker inayoendeshwa nyuma na `root`, na mimi sioni sababu ya kuweka mlango wa wanafunzi karibu na kitu chenye nguvu kiasi hicho wakati kuna Podman, ambayo haina programu ya kudumu nyuma yake na kila mtu anaweza kuiendesha kwa haki zake za kawaida.

Podman ina amri iitwayo `podmansh`, iliyoingia toleo la 4.6 mwaka 2023. Angalia toleo lako kwanza: Debian 12, ambayo wengi tunayo, imekuja na 4.3, kwa hiyo huko hutaikuta. Ukiwa nayo, kazi yenyewe ni fupi. Unaifanya kuwa sheli ya mtumiaji:

`usermod -s /usr/bin/podmansh asha`

Kisha unaweka faili `podmansh.container` ndani ya `/etc/containers/systemd/users/`, ukitaja imeji (kifurushi ambacho kontena huundwa kutokana nacho), jina la kontena ambalo ni `podmansh`, na folda ya nyumbani itakayobaki hata kontena likifutwa. Hilo la folda usilisahau. Kontena likiundwa upya, chochote kilichoandikwa nje ya folda hiyo kimekwenda, na utaelezea hivyo kwa kijana aliyepoteza kazi ya wiki.

Weka mipaka pia: kumbukumbu, na idadi ya michakato. Kijana akijifunza mizunguko ataandika programu inayojizaa bila kikomo. Si uhuni, ndiyo njia ya kujifunza. Mipaka hii kwa mtumiaji wa kawaida inahitaji cgroups (njia ya Linux ya kugawa rasilimali) toleo la 2, ambalo mifumo mipya tayari inalitumia.

Sasa mambo mawili ambayo kwa mazingira yetu yana uzito kuliko yote.

La kwanza ni bando. Podman ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida, kila mmoja ana ghala lake la imeji chini ya `~/.local/share/containers`. Maana yake, imeji ya GB 1 kwa wanafunzi 20 ni kuipakua mara 20 na kuihifadhi mara 20. Kwa intaneti ya kununua kwa GB, huo ni wendawazimu. Pakua mara moja kwenye folda ya pamoja, kisha itaje folda hiyo kwenye `additionalimagestores` ndani ya `/etc/containers/storage.conf`, wote wataisoma bila kuinakili. Na kama una rafiki Dar es Salaam mwenye intaneti nzuri, aipakue yeye, aifanyie `podman save`, akutumie kwenye flashi kwa basi. Huku unaifungua kwa `podman load`.

La pili ni kukatika, kwa umeme na kwa mtandao. Kwa kawaida mtumiaji akitoka kwenye kikao chake cha mwisho, huduma zake zote zinazimwa, kontena nalo linazimwa. Kijana wa Tandahimba anayetumia intaneti ya simu anakatika katikati ya zoezi, akirudi kila kitu kimeanza upya. "Mwalimu, kazi yangu imepotea." Dawa ni `loginctl enable-linger` kwa kila mtumiaji: kontena linabaki hai, na kama alikuwa ndani ya tmux, programu inayoshikilia kikao hata mtandao ukikatika, anarudi palepale. Umeme ukirudi, makontena yanawaka yenyewe pamoja na seva. Msimu wa korosho ukifunguliwa na nusu ya darasa wakaenda mashambani, ninazima linger kwa waliokwenda ili waliobaki wapate kumbukumbu.

Usalama usiutie chumvi. Hii ni nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana kufuli lake, paa ni moja. Kiini cha Linux ni kimoja kwa wote, na mwaka 2019 na tena 2024 yaligundulika matundu kwenye `runc`, programu inayoanzisha makontena, yaliyoweza kumtoa mtu nje ya kontena. Sasisha mfumo. Na mtu usiyemwamini kabisa, mpe mashine pepe, yaani kompyuta ya programu yenye kiini chake.

Kabla hujagawa nenosiri, jaribu kuvunja mlango mwenyewe. Wengi hujaribu kuingia tu, wakiona kontena wanaridhika. Jaribu `sftp`, njia ya kuhamisha faili kwa SSH: kama kwenye `sshd_config`, faili ya mipangilio ya SSH, umeandika `internal-sftp`, SSH haipiti kwenye sheli kabisa, na mwanafunzi anazitazama faili za seva yenyewe. Jaribu pia kupitisha bandari (port) ya mtandao kwa `ssh -N -L`. Upitishaji huo unafanyika nje ya kontena, kwa hiyo hifadhidata inayosikiliza `127.0.0.1` ya seva inafikika. Weka `AllowTcpForwarding no` kwa kundi la wanafunzi. Ukishabadilisha, kagua kwa `sshd -t`, na usifunge dirisha lako la `root` mpaka uwe umeingia upya kwa dirisha jingine, hasa kama seva iko Mtwara na wewe uko safarini.