Ruzuku ya utafiti ya chuo: bajeti ndiyo inayoangusha wengi

Hongera kwa ajira, dada. Umeuliza kama mhadhiri mpya mwenye machapisho machache anaweza kupata ruzuku za utafiti ambazo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) hushindanisha wanataaluma wake. Anaweza, ila asiombe peke yake. Mshirikishe mhadhiri mwandamizi aliyewahi kusimamia mradi, tena mtu atakayefanya kazi kweli, si wa kupamba orodha.

Bajeti ndiyo inayoangusha wengi. Usiandike "usafiri, milioni tatu" ukaishia hapo. Andika watafiti wawili, nauli ya basi Dar es Salaam hadi Lindi na kurudi, posho za siku sita, wakusanya data wanne wa hapohapo kijijini. Mtathmini ataona unaijua kazi. Kompyuta mpya ikimeza nusu ya fedha, mimi ningekunyima.

Kama utafiti unagusa afya za watu, shughulikia kibali cha maadili mapema, hasa kinachopitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Halafu mpe mtu wa fani nyingine asome ukurasa wa kwanza. Asipoelewa unachotafuta, uandike upya kabla hujagusa sehemu ya mbinu.