Oman: wakati wa kaskazi nenda kaskazini, wakati wa kusi nenda kusini

Wengi wanaotaka kwenda Oman huwa na orodha tayari: Muscat, Nizwa, jangwa la Wahiba, Salalah, na jangwa kubwa la Rub' al Khali muda ukiruhusu. Halafu wana siku saba. Haiwezekani, na tatizo si umbali peke yake, ingawa Salalah iko kilomita 1,000 hivi kutoka Muscat. Kaskazini na kusini mwa nchi hii hazina msimu mmoja, na pepo zinazoamua ni zilezile tunazozijua pwani kwetu.

Novemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, kaskazini mwa Oman kunatembeleka vizuri. Mchana kuna joto la wastani, na usiku wa jangwani unahitaji sweta. Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, huko hupita nyuzi 40, na kufika saa nne asubuhi kuta za ngome zimeshageuka tanuri. Lakini kusi hiyohiyo inapogonga milima ya Dhofar, mkoa wa Salalah, huleta ukungu na manyunyu, na vilima vya Salalah vinakuwa kijani kitupu. Wenyeji wanakiita kipindi hicho kharifu. Ukiwa na likizo ya Julai, basi panda ndege uende Salalah moja kwa moja, kaa huko, uyaone magofu ya Al Baleed na miti ya ubani ya bonde la Wadi Dawkah. Weka chumba mapema, maana familia kutoka nchi zote za Ghuba huja kufuata baridi na bei hupanda sana. Usitegemee kuogelea baharini, mawimbi ya msimu huo ni hatari. Rub' al Khali iache kabisa kama hujalipia msafara wenye magari mawili au zaidi.

Anayekwenda majira ya kaskazi ana uamuzi mwingine: azunguke kuanzia wapi? Karibu kila mtu hukimbilia Nizwa kwanza kwa kuwa ni kilomita 160 tu za barabara nzuri. Matokeo yake anafika Jumatatu na kukuta uwanja wa mnada wa mifugo ni mtupu. Sisi tunashauri kinyume chake. Anza na pwani, umalizie Nizwa, kwa sababu masoko makubwa ya bara yamepangana kwa siku: Ibra Jumatano, Sinaw Alhamisi, Nizwa Ijumaa.

Kwa hiyo Jumapili kaa Muscat. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos huwapokea wageni wasio Waislamu saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kila siku isipokuwa Ijumaa. Wanawake wafunike nywele, mikono na miguu. Jumatatu fuata barabara ya pwani hadi Sur, kilomita 200 hivi, ukipitia Wadi Shab. Sur ndiko majahazi mengi ya kuja Zanzibar yalikoundwa, na mafundi bado wapo. Jumanne pitia Wadi Bani Khalid, kisha ulale jangwani Wahiba, upande wa Bidiyah.

Hapo Bidiyah ndipo magari hukwama. Mikataba mingi ya gari la kukodi haigharamii uharibifu wa mchangani, kwa hiyo soma kwanza. Nafuu ni kuacha gari mjini na kulipa kambi ije kukuchukua. Kama unaendesha mwenyewe gari la kuvuta magurudumu yote manne, punguza upepo wa tairi hadi pauni 15 au 18, ili tairi litanuke na lisichimbe. Ukishapunguza usikate kona kwa ghafla, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Simama ukielekea mteremko, usisimame katikati ya mpando. Gari likizama, usikanyage mafuta. Kila mzunguko unalishusha zaidi. Ondoa mchanga kwa mikono mbele na nyuma ya magurudumu, kisha rudi nyuma polepole kwenye alama zako mwenyewe. Na ujaze upepo kabla ya kukimbia kwenye lami, kwani tairi legevu huchemka na kupasuka.

Jumatano asubuhi uwe Ibra. Soko la siku hiyo ni la wanawake, wauzaji na wanunuzi. Wanaume wabaki nje, wakaangalie nyumba za kale za Al Minzfah. Nyingi ya nyumba za namna hii, hapo na Al Mudayrib jirani, zilijengwa kwa mali ya biashara ya Afrika Mashariki. Usishangae mzee akikujibu kwa Kiswahili, ila anza na salamu ya Kiislamu.

Alhamisi asubuhi pita Sinaw kwenye mnada wa ngamia na mbuzi, jioni ulale Nizwa. Ijumaa fika mnadani saa 12 na nusu asubuhi. Wauzaji huzungusha mbuzi na ng'ombe kwenye duara huku wakitaja bei, mnunuzi anamsimamisha mnyama, anamkagua meno na kiwele, anakataa, duara linaendelea. Saa 3 shughuli zinakuwa ukingoni. Ngome iko hatua chache tu, lakini Ijumaa saa zake hubadilika kwa ajili ya sala, kwa hiyo ulizia mlangoni.

Jumamosi, kabla ya kurudi Muscat, kuna ngome za Bahla na Jabrin. Bahla imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1987, ni kubwa mno, lakini vyumba ni vitupu. Ukiwa na nafasi ya moja tu, chagua Jabrin: dari zimechorwa maua, na ghala la tende lina sakafu yenye mifereji. Magunia yalipangwa juu yake, uzito ukakamua asali ya tende, ikatiririka hadi mitungini.

Mambo mengine ni machache. Magari hupita kulia. Mvua ikinyesha milimani usivuke korongo lenye maji hata kama ni kidogo, ni hatari na ni kosa kisheria. Bei husomwa kwa desimali tatu: 1.500 ni riyali moja na nusu, kama dola nne. Na kuanzia 2026 hadi 2028 Ramadhani inaangukia kati ya mwisho wa Januari na Machi, wakati ambao mikahawa mingi hufungwa mchana. Asiyetaka hilo asafiri Novemba au Desemba.