Maswali ya Kinywa: Taya, Maumivu na Kipimo cha Misuli

*Daktari, naamka mashavu na panja vinauma. Mume wangu anasema nasaga meno usiku. Niling'olewa gego, maumivu yakabaki palepale. (Mama, Tabata)*

Pole sana, mama. Maumivu yanayobaki baada ya kung'oa jino hunifanya niitazame misuli ya kutafuna. Usikubali kung'olewa la pili kabla misuli hiyo na kiungo cha taya havijakaguliwa.

*Nilibandikwa nyaya shavuni, nikaambiwa misuli yangu inafanya kazi hata nikitulia, kwa hiyo nina ugonjwa wa kiungo cha taya. Ni kweli? (Fundi cherehani, Kariakoo)*

Hapana, ndugu yangu, kipimo hicho cha umeme wa misuli peke yake hakitoshi. Misuli ya taya haizimiki kabisa ukiwa macho, na umeme wake ni mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa maikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti. Ni kweli tafiti nyingi zimekuta wenye maumivu ya taya wana wastani wa umeme wa juu kidogo wakiwa wametulia. Lakini wapo wazima wenye namba kubwa, na wagonjwa wenye namba ndogo. Ndevu, jasho, shingo iliyoinama, hata hofu ya mashine, vyote huibadilisha namba hiyo.

Zamani iliaminika kwamba msuli hukaza, unauma, kisha kwa kuuma unazidi kukaza. Mwaka 1991 mtafiti James Lund na wenzake walipinga: maumivu huufanya msuli ujizuie, ukaze kwa nguvu pungufu wakati wa kutafuna. Vigezo vya kimataifa vya 2014 vya kutambua magonjwa ya taya humtegemea mgonjwa anavyojieleza na mikono ya daktari anayepapasa. Nyaya hazimo. Inaniuma mtu anapolipia kipimo cha namna hiyo, kisha anaondoka na hofu.

*Taya langu linalia "ko" nikipiga miayo, ila haliumi. (Bodaboda, Mbagala)*

Kama halikwami, liache.

*Nijisaidieje nyumbani? (Mwanafunzi, Ubungo)*

Midomo ifunge, meno yaachane milimita 2 hadi 4. Meno hugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu, kwa hiyo jikague ukiwa kwenye foleni au unasoma: ukikuta umeyabana, legeza. Kanda mashavu kwa kitambaa cha maji ya moto. Miwa, chingamu na mihogo mibichi na nazi viache kwa wiki kadhaa. Wengi hupata nafuu hivyo, bila upasuaji. Ila taya likikwama, au shavu likivimba na homa, nenda kliniki ya meno siku hiyohiyo.